Kuchagua lifti ya gari ya garaji ya nyumbani: pima sakafu na dari kwanza

Swali ni lile lile, karibu kila wiki kuna mtu ananitafuta: nataka kuweka lifti kwangu nyumbani, ninunue gani? Na kabla sijajibu ashanitumia picha ya lifti ya nguzo mbili ya bluu, ameiona mahali inauzwa, anataka tu nimwambie kama bei ni sawa. Mimi namuuliza, sakafu yako ina unene gani? Kimya. Dari iko mita ngapi kutoka chini? Anasema ni kawaida tu. Sasa hiyo "kawaida" ndiyo imeniweka hapa kuandika, kwa sababu nyumba zetu nyingi hapa Nakuru, kuanzia Kiamunyi mpaka Lanet, garaji zilijengwa za kulaza gari usiku, hakuna mtu alifikiria gari siku moja litasimama hewani na mwenyewe akiwa chini yake.

Kwa hivyo tutaenda kinyume na vile watu wengi wanaenda. Aina za lifti nitazitaja kwa ufupi, lakini lifti yenyewe ya kununua tutaikagua baadaye. Kwanza sakafu, dari, udongo na stima. Hivyo vinne ndivyo vinakuchagulia lifti, wewe unabaki kuchagua rangi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tepu ya mita 5 au zaidi
- Pima maji ndefu, ile ya mita moja ni nzuri zaidi
- Drili ya kugonga na biti ya simiti ya milimita 10 au 12, yenye urefu wa angalau sentimita 30
- Kipande cha waya ngumu, hata ya hanga ya nguo
- Chaki na kamba
- Kitabu cha gari lako, au ile plate yenye uzito, kawaida iko kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti
- Daftari. Andika kila kipimo, usikariri

Kama nyumba ni ya kupangisha, ongea na landlodi sasa hivi kabla ya tundu la kwanza. Lifti ya bolti inaacha mashimo kwenye sakafu na hiyo ni vita utakutana nayo siku ya kuhama.

Aina za lifti, kwa ufupi

Lifti ya nguzo mbili ndiyo ile unaiona kwa garaji kubwa za mjini. Mikono minne inashika gari chini, magurudumu yote yananing'inia, kwa hivyo breki, shoki, bushi, giaboksi, kila kitu unafikia. Lakini uzito wote unashuka kwa vibati viwili vidogo vilivyofungwa bolti, kwa hivyo sakafu ndiyo kila kitu.

Nguzo nne, gari linapanda juu ya reli mbili na kukaa kwa magurudumu yake. Imetulia sana, nyingi hata hazihitaji bolti, na ni nzuri ukitaka kuegesha gari moja juu ya lingine. Ila kutoa gurudumu unahitaji jeki ya ziada inayokaa kati ya zile reli, na inakula nafasi, reli peke yake ni kama mita 4 na nusu kabla hujahesabu ngazi ya kupandia.

Lifti ya mkasi ya urefu wa kati inainua gari mpaka mita moja hivi au zaidi kidogo. Unafanya kazi ukiwa umekaa kwa kiti kidogo. Kuna zingine zinahamishika kabisa, ukimaliza unaisukuma kando. Ubaya wake ni kwamba mkasi wenyewe uko katikati chini ya gari, hivyo ekzosti na giaboksi zinakuwa kazi ya kujikunja.

Halafu kuna jeki nzuri ya magurudumu na stendi nne. Usicheke. Kwa mtu ambaye anabadilisha oili na pedi za breki za Vitz mara nne kwa mwaka, hiyo ndiyo jibu langu, na pesa iliyobaki anunue spana za maana.

Shimo, ile piti ya zamani, silipendekezi nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka na kukaa pale chini ukikungoja na taa yako ya waya. Moshi wa injini pia unajikusanya humo. Na ukiwa upande wa Kisumu ambapo maji ya chini hayako mbali, mvua ya Aprili inaijaza, na watoto wako nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Andika magari yako na uzito wake

Si gari lako la leo peke yake. Andika na lile la shemeji ambaye lazima atakuja Jumamosi, kwa sababu atakuja. Vitz au Demio ni karibu tani moja. Probox inazidi hapo kidogo. Forester inacheza kwa tani moja na nusu, Noah iko hapo hapo au juu yake kidogo, Hilux ya dabo kebini inakaribia tani 2, na Prado inapita tani 2 ikiwa tupu.

Sasa sikiliza hii maana wengi hawaijui. Lifti ikiandikwa tani 4, hiyo ni jumla ya mikono yote minne. Kila mkono ni tani moja. Gari lenye injini nzito mbele, tuseme pikapu ya dizeli, linaweka mzigo mkubwa kwa mikono miwili ya mbele, na ukiwa umeacha magunia ya mahindi nyuma inageuka kuwa kinyume. Kwa hivyo usitafute lifti inayolingana na uzito wa gari. Mtu wa Probox na Noah, tani 3 na nusu au 4 zinamtosha vizuri. Mtu wa Prado asishuke chini ya tani 4.

2. Pima dari

Pima kutoka sakafuni mpaka kitu cha chini kabisa hapo juu. Si dari yenyewe, ni kile kinachoning'inia: bimu, taa, reli ya mlango wa garaji, mbao za paa.

Halafu hesabu hivi. Probox ina urefu wa kama mita 1.5 kwenda juu. Mahali lifti inashika chini ya mlango ni kama sentimita 20 kutoka ardhini. Kwa hivyo mwili wa gari juu ya mikono ya lifti ni mita 1.3. Ukitaka kusimama wima chini yake unahitaji mikono ifike mita 1.8. Jumlisha 1.8 na 1.3 ni 3.1, ongeza sentimita 10 za usalama, unahitaji mita 3.2. Prado ni ndefu zaidi, hapo unaongea mita 3.4 au 3.5.

Garaji nyingi za nyumba ambazo nimepima, zile zina slabu ya konkriti juu na chumba cha kulala juu yake, zinakuja kwa mita 2.7 hivi. Toa 1.3 ya Probox, toa ile 10 ya usalama, unabaki na mita 1.3 ya kuinua. Hapo umenunua lifti ya kwenda mita 1.8 na unaitumia mpaka 1.3 tu, ukiwa umeinama, na siku moja utasahau na kusukuma paa la gari kwenye slabu.

Pia nguzo zenyewe zina urefu. Zile ambazo kebo na mpira wa oili zinapita juu mara nyingi zinazidi mita 3 na nusu. Zile ambazo zinapita chini kwenye bati sakafuni ni fupi, karibu mita 2.8 au 2.9, lakini unapata kizingiti pale chini ambacho troli ya giaboksi inagonga kila saa. Ukiwa na dari ya 2.7 zote mbili hazikuingii. Inakuwa mkasi, au unaenda nje chini ya paa la mabati lililoinuliwa.

Na kabla hujafunga tepu, fungua mlango wa nyuma wa gari uone unafika wapi juu. Wengi husahau huo mlango kabisa.

3. Chora lifti kwenye sakafu kwa chaki

Nguzo mbili kwa kawaida zinachukua mita 3.3 hadi 3.5 kutoka nje ya nguzo moja mpaka nje ya nyingine. Garaji ya gari moja yenye upana wa mita 3 imekataa, usibishane nayo. Na hata ikitosha unataka nafasi ya kupita na mwili wako pembeni, na pampu inakaa nje ya nguzo moja.

Chora kwa chaki mahali kila nguzo itasimama, ingiza gari katikati, fungua milango. Utaona kama utaweza kutoka ndani ya gari bila kugonga mlango kwa nguzo. Zoezi hili ni dakika 20, na kuna jamaa mmoja wa Section 58 alilifanya akaamua papo hapo kuachana na nguzo mbili. Pesa yake iko salama.

4. Toboa sakafu

Hii ndiyo hatua nataka uisome mara mbili.

Usiulize fundi aliyejenga, usiangalie ramani. Toboa. Chukua biti ya milimita 10, toboa tundu moja karibu na mahali kila nguzo itakaa, lakini si mahali pa bolti, liwe kando yake kwa sentimita 30 hivi. Angalia vumbi linalotoka. Likiwa kijivu uko ndani ya simiti. Likibadilika kuwa la kahawia au nyekundu, au drili ikidumbukia ghafla, umetoka upande wa pili. Puliza tundu, kunja ncha ya waya iwe kama ndoana ndogo, ishushe mpaka chini, ivute taratibu mpaka ndoana ishike ukingo wa chini wa konkriti, weka alama kwa kidole pale juu, toa, pima.

Kwangu mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa na aliyenijengea kwamba sakafu ya garaji ni nchi sita. Nilikuwa nimelipia nchi sita. Tundu la kwanza vumbi liligeuka kahawia hata mkono haujachoka, na waya ulinipa sentimita 7. Tundu la pili, upande wa ukuta, sentimita 6 na nusu, na humo ndani nikakuta kipande cha mfuko wa simiti uliofukiwa na udongo. Nilikaa chini pale na daftari. Lifti nilikuwa nimeshalipia deposit. Nakwambia ukweli, nilishukuru hizo tundu mbili kuliko kitu chochote nimewahi kununua kwa garaji hii.

Kwa lifti ya nguzo mbili, kitabu cha lifti ndicho kinasema unene, na vingi vinaanzia sentimita 10 za konkriti nzuri na vingine vinataka 15 au 20. Bolti zenyewe ni za milimita 16 hadi 19 na zinaingia karibu sentimita 10 chini au zaidi. Sasa fikiria bolti ya sentimita 10 kwa sakafu ya 7. Inashika udongo.

Nani ataniambia nguvu ya konkriti? Kwa nyumba ya kawaida hakuna karatasi. Ukigonga kwa nyundo na inasikika kavu na kali, na biti inapata shida kuingia, ni dalili nzuri. Ikisikika kama debe, au drili inaingia kama kwa mkate, hiyo ni plasta juu ya mawe. Ukiwa na shaka, vunja na umwage upya sehemu ya nguzo. Hatua ya 8 inakuonyesha.

5. Jua udongo wako

Hapa Nakuru tumekaa juu ya majivu ya volkano. Ni udongo mwepesi, ukiwa mkavu unabeba sawa lakini maji yakipata njia chini ya sakafu yanaubeba na kuacha uwazi. Watu wa mji huu wanajua zile nyufa za ardhini zinazofunguka mvua kubwa ikinyesha, na ile ya 2018 kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok kila mtu aliiona. Kwa hivyo angalia mifereji ya paa inamwaga wapi. Ikimwaga kando ya ukuta wa garaji, rekebisha hiyo kabla ya kununua hata bolti moja.

Walio upande wa Kisumu, Ahero, uwanda wa Kano wote, nyinyi mna udongo mweusi wa pamba. Unavimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na sakafu nyembamba inacheza nao. Nguzo mbili zikiegemea pande tofauti kwa nusu sentimita tu, huko juu unaiona. Dawa ni kuchimba huo udongo mweusi utoke, kujaza maramu na kushindilia kwa tabaka, halafu ndio konkriti. Ni kazi na ni gharama, sitaki kukudanganya. Kwa udongo huo, mtu ambaye hataki kuchimba aende na mkasi au nguzo nne, maana mzigo unasambaa.

6. Uliza stima

Lifti nyingi za nyumbani zina mota ya kilowati 2.2. Kwa stima yetu ya volti 240 fesi moja, ukihesabu na hasara za mota, inavuta kama ampea 14 ikikimbia, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Soketi ya ukutani ni ampea 13. Unaona shida iko wapi.

Vuta laini yake peke yake kutoka kwa boksi, waya ya milimita 4 mraba, breka ya ampea 20 au kile kitabu kinasema, ya aina C ambayo inavumilia kuwaka kwa mota, na arthi ya kweli iliyopimwa. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, muulize akuonyeshe.

Angalia plate ya mota kabla ya kulipa. Ikiandikwa fesi tatu na volti 415, haitafanya kazi kwa nyumba yenye fesi moja. Ikiandikwa volti 110 imetoka kwa soko la Marekani, achana nayo. Kuna zingine zimeandikwa 220 lakini ni za 60 Hz, huku kwetu ni 50, kwa hivyo inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inachemka.

7. Kagua lifti yenyewe

Sasa ndio unaweza kwenda kuiona. Beba daftari lako.

Cha kwanza ni loki. Lifti nzuri ina loki za chuma kwa kila nguzo zinazoshika zenyewe ikipanda, unasikia ta, ta, ta. Ziwe zinashika pande zote mbili kwa urefu mmoja. Ile ambayo gari linabaki limeshikiliwa na oili peke yake, ondoka hapo.

Cha pili, loki za mikono. Mkono ukishushwa chini uzunguke, ukiinuka kidogo ukatae kabisa kuzunguka. Jaribu mmoja mmoja, wote wanne.

Cha tatu, ufikiaji wa mikono. Gari dogo kama Vitz linahitaji mkono unaojikunja mfupi na padi, kile kisahani cha mwisho wa mkono kinachogusa gari, inayoshuka chini ya kutosha kuingia. Kuna lifti kubwa za pikapu ambazo mikono yake haiwezi kufika kwa pointi za gari dogo, na pia kinyume chake. Uliza padi ya chini kabisa ni sentimita ngapi kutoka sakafuni, linganisha na gari lako.

Cha nne, karatasi. Plate ionyeshe uzito, mwaka na namba. Kiwango cha Ulaya cha lifti za magari ni EN 1493, na mzigo unaoingia nchini unapaswa kuwa na cheti cha KEBS, shirika letu la viwango. Kibandiko peke yake kinaweza kuchapishwa mtaani, kwa hivyo omba cheti chenyewe. Na kitabu cha maelekezo lazima kiwepo. Bila kitabu hujui unene wa sakafu, hujui torki ya bolti, yaani nguvu ya kuikaza, hujui oili, basi hujui kitu.

Ya mtumba? Inaweza kuwa sawa, lakini pitisha kidole kwa kila weldi, angalia pini za mikono kama zimelika kuwa yai, vuta glavu juu ya kebo za chuma uone kama kuna nyuzi zilizokatika zinashika kitambaa, usitumie kidole kitupu. Chini ya nguzo pakiwa na kutu ya magamba, acha.

8. Mwaga pedi mpya ya konkriti kama sakafu imekataa

Mimi nilifanya hivi. Nilikata sakafu ya zamani upana wa mita 4, urefu mita 1.5, ikiwa chini ya nguzo zote mbili kwa kipande kimoja. Nikachimba, nikashindilia maramu, nikaweka wavu wa chuma wa BRC, nikamwaga sentimita 25. Hiyo ni mita za ujazo 1.5, na kwa mchanganyiko wa moja kwa moja na nusu kwa tatu, simiti, mchanga, kokoto, ilikula mifuko 12 ya kilo 50.

Mkosaji mkubwa hapa ni maji. Fundi anapenda konkriti iwe uji ili imwagike rahisi. Simama hapo mwenyewe. Ikiwa uji imekufa.

Ukimaliza mwagilia maji asubuhi na jioni angalau wiki moja, ifunike na magunia, maana upepo wa Nakuru unaikausha haraka juu ikapasuka. Halafu ngoja siku 28. Najua lifti iko pale kwa kreti na inakuita. Ngoja siku 28.

9. Simamisha nguzo na funga bolti

Inua nguzo na watu wanne na kamba, si wawili. Toboa kupitia tundu za bati la nguzo lenyewe, na biti iwe saizi ya bolti haswa. Puliza vumbi lote litoke, rudia, vumbi likibaki bolti haishiki. Bolti zikae mbali na ufa au ukingo wa konkriti, sentimita 15 angalau, zaidi kama kitabu kinasema.

Nguzo ikiegemea kidogo weka vibati vya chuma chini yake. Usitumie mbao wala kadibodi. Kama unahitaji kujaza zaidi ya sentimita moja, tatizo ni sakafu yako, irekebishe hiyo.

Kaza kwa spana ya torki kwa namba ya kitabu. Bolti ikizunguka tu bila kufika torki, haijashika, na hakuna kitu cha kusema "itakaa tu".

10. Kuinua mara ya kwanza

Inua lifti tupu juu na chini mara kadhaa hewa itoke kwa oili. Halafu gari jepesi.

Padi ziende kwenye pointi za jeki ambazo kitabu cha gari kinaonyesha. Inua magurudumu yaachane na ardhi kiganja kimoja tu. Simama. Sukuma gari kwa nguvu mbele na pembeni. Angalia padi zote nne. Zunguka uangalie bolti za sakafu. Ikiwa kuna kitu kimesogea, shusha uanze upya. Ikiwa sawa, panda mpaka juu, halafu shusha mpaka uzito ukae kwenye loki pande zote. Hapo ndipo unaingia chini, si kabla.

Siku inayofuata kaza bolti tena kwa torki ile ile. Baada ya mwezi tena.

Makosa ninayoyaona sana

Kutoa injini au giaboksi bila kufikiria uzito unahamia wapi. Gari lilikuwa limesawazika na injini ndani, ukiitoa nyuma inakuwa nzito na inaweza kuanguka kinyumenyume. Weka stendi ndefu nyuma kabla ya kulegeza bolti ya mwisho.

Kushika gari kwa ule ukingo mwembamba wa bati uliokunjwa chini ya mlango mahali popote unapopata. Magari ya kutoka Japani ambayo yamekaa huku miaka, hapo pameoza. Ukisikia bati likilia, shusha.

Kuinua na mtu ndani. Hata kwa picha, hata mtoto akiomba.

Kuweka lifti nje bila paa kwa sababu ya dari. Nyingi zimetengenezwa kwa ndani. Ukijenga kibanda cha mabati cha mita 4 ni sawa, lakini pampu na swichi zisiguswe na mvua, na huko kando ya ziwa kebo zipakwe grisi mara kwa mara maana unyevu unazila.

Ikisumbua

*Mota inavuma lakini haiinui.* Pima volti wakati imebonyezwa, si wakati imelala. Jioni majirani wote wakiwasha vitu stima inashuka, na waya mwembamba unaishusha zaidi. Volti ikiwa sawa, angalia kapasita ya mota. Usiendelee kubonyeza, utaichoma.

*Inapanda kwa kuruka ruka, au oili ina povu.* Oili imepungua au hewa imeingia. Jaza oili ya haidroliki ya namba iliyo kwenye kitabu, mara nyingi 32 au 46, ukiwa umeshusha lifti mpaka chini. Usiweke oili ya breki, inakula sili.

*Upande mmoja uko juu kuliko mwingine.* Kebo ya kusawazisha imelegea. Kwanza shusha gari litoke, halafu rekebisha nati za kebo mpaka loki zilie pamoja.

*Inashuka yenyewe polepole usiku.* Kuna mahali panavuja, sili ya silinda au valvu. Kama ilikuwa kwenye loki isingeshuka, kwa hivyo jiulize pia kwa nini uliiacha kwa oili.

*Bolti moja inalegea kila mara.* Acha kutumia lifti. Konkriti hapo imepasuka chini ambapo huoni. Kuikaza zaidi haisaidii.

*Haishuki ukivuta loki.* Kawaida, uzito umeikalia. Inua kidogo kwanza, sentimita 5 hivi, vuta loki, halafu shusha.

*Stima imepotea gari likiwa juu.* Hili ndilo watu wa huku wananiuliza zaidi. Kama liko kwenye loki halitashuka, liko salama, lakini pia huwezi kulishusha, kwa sababu lazima liinuliwe kidogo ndio loki ziachie na kuinua kunahitaji mota. Jenereta ndogo ya taa na TV haiwezi, kule kuwaka kwa mota kunaiangusha, tafuta ya kVA 5 au zaidi, au uulize muuzaji kama pampu yako inakubali mkono wa kupampu. Usijaribu kuzitoa loki kwa nyundo ama kuliinua gari kwa jeki ukiwa chini. Funga garaji, panda matatu, utalishusha stima ikirudi.